Muuza spea na gereji mnaochezea usukani wa watu: MGB yangu nusura iue mtu Bombo, nataka hela yangu

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite. Mimi leo nimefika mwisho na nasema yote.

Nina MGB ya 1969, gari ndogo ya michezo ya Kiingereza, ile ya bampa za kroma, usukani wa kulia. Ilikuwa ya marehemu mjomba enzi anafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule Muheza. Injini nimeshaimaliza, breki mpya, bodi nimeitoa kutu (wanaokaa karibu na bahari hapa Tanga wanajua hiyo kazi ilivyo). Kilichobaki kilikuwa usukani: reki (fimbo yenye meno inayosukuma tairi za mbele zikate kona), tairodi (fimbo zinazounganisha reki na tairi), kingpini (pini ambazo tairi za mbele zinageukia) na bushi zake (pete ambamo pini inazunguka). Hapo ndipo nikaangukia mikononi mwa watu wawili. Sitawataja majina, ila wenyewe wakisoma watajijua. Mmoja anauza spea Dar, mwingine ana gereji hapa hapa mjini.

Naanza na wa Dar. Huyu nilimtumia kila kitu. Namba ya chesisi, mwaka, picha ya reki ya zamani ikiwa imelazwa sakafuni, picha ya dashibodi. Nikaandika kabisa: usukani wa kulia, bampa za kroma. Niliandika hivyo kwa sababu MGB ilitengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980 na reki zake haziko sawa. Ya usukani wa kulia na ya usukani wa kushoto, pinioni (gia ndogo inayozungushwa na usukani na kushika meno ya reki) zinakaa pande tofauti. Halafu mwishoni mwa 1974 zilipokuja bampa za mpira, gari ikanyanyuliwa, krosimemba (chuma cha kukingama kinachobeba tairi za mbele) ikabadilishwa na reki nayo ikabadilika. Kiwanda cha Abingdon kilitoa MGB zaidi ya laki tano na nyingi zilipelekwa Marekani, kwa hiyo reki za usukani wa kushoto zimejaa kwenye soko la mtumba. Mtu anayejitangaza kuwa bingwa wa spea za magari ya Kiingereza hilo ni jambo la kwanza kulijua, kabla hajapokea shilingi ya mtu. Akanijibu, "Kaka, ondoa shaka, ndiyo yenyewe hii." Nikatuma milioni moja na laki nne, humo mna reki na seti ya kingpini.

Boksi limekuja na basi, nimelipokea stendi ya Kange, nafungua: pinioni iko kushoto.

Nikampigia. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike uzi huu. Eti nitafute fundi anigeuzie! Wakuu, meno ya reki yamekatwa upande mmoja tu, pale pinioni inapokaa. Upande wa pili ni chuma kisicho na meno kinachopita kwenye bushi. Huwezi kuigeuza ikakubali, shafti ya usukani inashuka kulia na kule hakuna pinioni ya kuipokea. Unageuza nini? Nilipomwambia nairudisha, akasema mzigo ukishatoka haurudi. Tangu hapo simu yangu hapokei, ila kila jioni namwona anapandisha picha za spea nyingine akisifiwa na watu wasiomjua.

Reki sahihi nikaitafutia Mombasa kwa msaada wa ndugu, ikaingia kwa mpaka wa Horohoro. Nimelipa mara mbili kitu kimoja. Hilo peke yake lingenitosha kukasirika, lakini bado hamjasikia ya gereji.

Kingpini za MGB si kitu cha kugonga nyundo ukaondoka. Bushi mpya ukishaziingiza kwa presi kwenye stabu ekseli (kile chuma kinachobeba tairi ya mbele), tundu za grisi lazima zilingane na tundu za bushi, kisha zinapitishwa rima maalumu (kifaa cha kukwangua tundu kwa kipimo kamili) mpaka pini iingie bila kubana na bila kucheza. Tena bushi ya juu na ya chini lazima zisimame kwenye mstari mmoja. Hiyo ndiyo kazi yote. Nilimwuliza fundi mkuu mapema, "Mzee wangu, rima ya hii kazi unayo?" Akasema anayo, kazi hizo amezifanya tangu ujana wake. Nikamwamini kwa umri wake na kwa heshima.

Rima hakuwa nayo. Kijana wake ndiye aliyekuja kuniambia walichofanya: msasa umeviringishwa kwenye kijiti, ukafungwa kwenye drili, wakasugua bushi hadi pini ikaingia. Nimezitoa juzi nikaziangalia juani. Bushi ya kushoto ina michirizi kama imekwanguliwa na paka, mdomoni imepanuka, katikati imebana. Ya kulia tundu la grisi limezibwa kabisa na bushi yenyewe. Maana yake ni kwamba ningepampu grisi mpaka mkono uume, ndani haingii hata tone. Kila upande una nipo tatu (vidomo vya kupampia grisi), na kitabu cha gari kinataka zipigwe grisi kila maili 3,000, tairi zikiwa zimenyanyuliwa ili grisi ipate nafasi ya kupenya. Sasa nipo ya tundu lililozibwa ni pambo tu.

Kwenye reki wakajaza grisi. Reki ya MGB inakula oili, ile ya gia ya EP90, kama mililita 190 hivi. Oili inatembea: ukikata kulia inasukumwa huku, ukikata kushoto inarudi kule, meno na bushi ya mwisho vinapata. Grisi ikishasukumwa pembeni inabaki huko huko, meno yanasagana makavu. Nilikuwa nimewaachia chupa ya oili mezani, imeandikwa. Wameiacha pale pale haijafunguliwa hata kizibo. Buti zenyewe, zile mpira zinazofunika ncha za reki, wamezifunga kwa waya wa kufungia kuku, moja imeshachanika.

Na sasa jambo ambalo siwezi kuwasamehe. Pale shafti ya usukani inapoungana na pinioni kuna jointi ya msalaba. Bolti inayoibana inatakiwa ipite kwenye mfereji uliochongwa kwenye pinioni, ili hata ikilegea jointi isichomoke. Lazima uisukume jointi mpaka mfereji ulingane na tundu, ndipo bolti iingie. Wao hawakulinganisha. Jointi wameivika nusu, bolti imepita nje ya mfereji. Tena bolti yenyewe ni ya milimita, ya Toyota! Gari hii inatumia thredi za inchi, zile zinazoitwa UNF. Bolti ya inchi 5/16 ina milimita 7.94 na thredi 24 kwa inchi, nati yake ukiiingizia bolti ya milimita 8 inashika kidogo, unahisi imekaza, kumbe imekula thredi. Wamelazimisha hivyo hivyo.

Nimeitoa gereji jioni, natoka Raskazone nateremka kuelekea Bombo. Nakata kona kidogo, naachia usukani urudi wenyewe kama unavyotakiwa, haurudi. Kingpini zimeng'ang'ana. Navuta kwa nguvu, usukani unazunguka kwanza bure, tairi zinafuata baadaye. Mbele yangu kuna mama yuko kwenye baiskeli, mtoto nyuma. Huu ni mji wa baiskeli, zipo kila kona, na jioni ndiyo watu wanarudi makwao. Nilisimama nikiwa karibu naye kiasi cha kusikia mtoto anamwuliza mama yake kitu. Nafungua boneti, nati ya jointi haipo, imeshadondoka njiani, bolti inaning'inia.

Nimerudi gereji na gari ikiwa imevutwa kwa kamba. Fundi mkuu hakuinama hata kuangalia. "Bosi, gari za kizamani ndivyo zilivyo, hazina spea." Hazina spea? MGB hata bodi nzima mpya inatengenezwa Uingereza tangu 1988! Kingpini, bushi, tairodi, buti, reki, vyote vinauzwa mpaka leo. Spea nilimletea mwenyewe mkononi. Kilichokosekana ni rima, spana za inchi na mtu wa kusema "hii siijui, mpelekee mwingine". Angesema hivyo ningempa hela ya soda na kumshukuru.

Mwenye gari yoyote iliyotoka kwenye gereji ya namna hii, iwe ya kizamani au ya juzi, kabla hujaingia barabarani piga jeki, shika tairi juu na chini utikise. Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukiisha ni beringi ya tairi, ukibaki ni kingpini au boljointi. Kisha fungua boneti, mtu azungushe usukani kidogo kidogo huku unaitazama jointi kwa macho yako. Ni dakika chache tu.

Wewe wa Dar, reki yako iko kwenye boksi lake, haijaguswa. Nirudishie hela ya reki, nauli ya basi nitalipa mimi. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo naenda polisi na mazungumzo yetu yote, ninayo. Nyie wa gereji, hela ya ufundi yote na bei ya bushi mlizoharibu, na yule kijana aliyeniambia ukweli msimfukuze kazi, nitakuja kuuliza.

Picha za bushi na jointi nazipandisha hapa chini. Na kama kuna mdau mwenye rima ya kingpini za MGB, awe Tanga, Moshi, Dar au Mombasa, aniandikie inboksi. Stabu ekseli zote mbili nimeshazifungua, nazileta mwenyewe na nitasimama pale kazi ikifanyika.