Wamekwisha kuchezwa unyago, lakini hawajui mimba inatungwaje: nianzie wapi?

Matroni, Newala

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya sekondari ya kata wilayani Newala. Wasichana wengi ninaowapokea kidato cha kwanza wamekwisha kuchezwa unyago wakiwa bado shule ya msingi, na nyumbani wanahesabiwa kuwa ni watu wazima. Wamefundwa adabu, usafi na miiko ya hedhi, tena wamefundwa vizuri, lakini maswali wanayoniletea yananitia wasiwasi. Mmoja aliniuliza kama msichana ambaye hajavunja ungo anaweza kushika mimba. Mwingine ana kalenda ya "siku salama" nyuma ya daftari la Hisabati, ameinakili kwa dada yake. Wapo pia ambao kila mwezi hulaza kichwa juu ya dawati siku nzima kwa maumivu ya tumbo, na mama zao huwaambia kwamba yatakwisha wakizaa. Nikiligusia jambo hili katika kikao cha wazazi, naambiwa kuwa hiyo ni kazi ya kungwi na kwamba mimi nawafungua watoto macho. Naomba ushauri: nianze na lipi, na nimshirikishe nani?

Muuguzi mkunga, Masasi

Mwalimu, anza na hayo maswali yao mawili, maana majibu yake ndiyo somo lenyewe. Msichana anaweza kushika mimba kabla ya hedhi yake ya kwanza, kwa sababu yai linaweza kupevuka kabla ya damu kuonekana. Kuhusu kalenda, yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, si baada ya iliyopita, na mbegu za mwanamume zinaweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5. Katika miaka miwili ya mwanzo baada ya kuvunja ungo mzunguko huwa haujatulia: mwezi huu siku 24, mwezi ujao siku 40. Kwa hiyo msichana anayehesabu siku kwa daftari la dada yake anahesabu mwili wa mtu mwingine. Wachoree mzunguko huo ubaoni, kisha wape nafasi ya kuandika maswali kwenye vikaratasi visivyo na majina, kwani wengi hawatanyoosha mkono mbele ya wenzao.

Kuhusu maumivu, tafadhali usikubali jibu la "yatakwisha ukizaa". Maumivu ya kawaida ya hedhi hupungua kwa kitambaa chenye joto tumboni na kwa dawa kama ibuprofeni, inayotumiwa baada ya kula, mara tu maumivu yanapoanza, isipokuwa kwa mwenye vidonda vya tumbo au pumu, ambaye aulize kwanza zahanati. Lakini anayelowanisha pedi kila saa, anayetokwa damu zaidi ya siku 7, anayeshindwa kuhudhuria masomo kila mwezi hata baada ya kutumia dawa, au aliyefikisha miaka 15 bila kuvunja ungo, huyo aletwe kituo cha afya apimwe. Damu nyingi ya kila mwezi huleta upungufu wa damu, na mtoto mwenye upungufu wa damu huonekana darasani kama mvivu.

Somo wa mabinti, Tandahimba

Shikamooni wakubwa, na walio wadogo marahaba. Mimi ni kungwi. Mwalimu, wazazi wanaosema kwamba kazi hii ni yetu hawajakosea, ila na sisi makungwi tuseme ukweli: tunamfunda mwali namna ya kujisitiri na namna ya kukaa na mume, wakati siku hizi mwali huyo ana miaka 10 na mume hayupo wala hatakiwi kuwapo. Mafunzo yalipangwa kwa msichana aliyekuwa karibu na kuolewa. Umri umeshuka, maneno yamebaki yale yale.

Ushauri wangu ni kwamba usimwendee mzazi kabla ya kumwendea nyakanga wa kijiji, yaani mkuu wetu sisi makungwi. Nenda naye huyo dada muuguzi kabla ya likizo ya Juni, mavuno yakiwa yamekaribia, kwa sababu ngoma zikishaanza hakuna atakayekusikiliza. Mkimweleza kwa heshima, atayasema hayo ya siku 40 na ya yai kwa maneno yake mwenyewe, na mama mzazi hatakuja kulalamika shuleni.

Matroni, Newala

Marahaba mama, na asante sana. Sikuwahi kufikiria kuanzia kwa nyakanga. Niulize moja zaidi: wazazi wawili wamewazuia binti zao kuchanjwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, wakisema inaua uzazi. Niwajibuje?

Muuguzi mkunga, Masasi

Waambie kwamba chanjo hiyo haigusi mayai wala mji wa mimba. Inaufundisha mwili kupambana na virusi vya HPV, ambavyo ndivyo husababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 hutolewa dozi moja tu kwa walio na miaka 9 hadi 14. Hapo ndipo penye haraka, mwalimu: kidato cha kwanza wengi wako ukingoni mwa umri huo, na chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla msichana hajakutana na virusi hivyo. Mzazi akisema "tutaona mwakani", mweleze kwamba mwakani huenda binti akawa amepita umri wa mpango huu. Na mama mwenyewe, kama amefika miaka 30, mwalike aje siku hiyo hiyo kupimwa mlango wa kizazi. Kipimo cha kupakwa siki ni cha dakika chache. Mama aliyepimwa na kuelezwa ugonjwa wenyewe ni upi, mara nyingi humleta binti bila kubembelezwa.