Tupeane uzoefu: tuliowatafutia wazee wetu pa kulala

Mama wa Maweni, Malindi
Assalam aleikum ndugu zangu. Naanza mimi. Mwaka juzi kikundi chetu cha akina mama tulimjengea upya bibi mmoja jirani yetu. Nyumba ilikuwa ya fito na udongo, makuti yameoza. Mvua ikinyesha, bibi hukesha akisogeza sufuria kufuata matone. Tulichanga shilingi mia mia kila wiki kwa miezi saba, tukapata mabati na misumari. Vijana wa mtaa walikandika bure, sisi tukawapikia. Siku ya kuhamia, bibi aligusa bati kwa ncha ya mkongojo wake, akatuambia: "Wanangu, leo nalala mkavu."

Haikupita miezi minne, akaja mtoto wa mwenye shamba. Wa Malindi mnaijua nyumba bila ardhi: kuta zako, kiwanja cha mwenzio, na kodi ya kiwanja juu. Alipoona bati linang'aa, akaipandisha kodi mara tatu. Bibi anategemea elfu mbili kwa mwezi za Inua Jamii, ule msaada wa serikali kwa wazee. Hadi leo tunamlipia sisi. Inaniuma sana, maana bati letu ndilo lililomletea balaa. Mlioweza, suala la ardhi mlilimalizaje?

Wa Mkomani, Lamu
Pole sana mama. Shangazi yangu ana miaka 74, anakaa nyumba ya wakfu. Mzee wetu wa zamani aliiweka kwa jamaa wasio na pa kukaa: haiuzwi, hairithiwi. Mji wa Kale ulipoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, wageni walikuwa wakinunua majumba, na jamaa zetu wengine wakauza wakahamia mitaa ya pembeni ya Wiyoni na Kashmiri. Shangazi hakuna aliyemgusa.

Lakini nisifiche upande wa pili. Boriti mbili za dari zililiwa na mchwa, na nyumba zetu hutengenezwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, si vitu vya rahisi. Mchanga wenyewe unakuja kwa punda, gunia kwa gunia. Tulikusanya karibu mwaka mzima, na muda wote huo shangazi alikuwa akilala kwenye daka la chini, pale ukumbi wa mlangoni, mkeka umekunjwa mara mbili. Mkiweka wakfu, wekeni na mfuko wa matengenezo siku hiyo hiyo. Msimamizi mwema asiye na fedha atabaki kuitazama nyumba ikibomoka.

Mzaliwa wa Voi, nafanya kazi Malindi
Kwetu kuna mtaa wa Tanzania-Bondeni. Miaka ya 1990 wakazi walikubaliana ardhi ishikwe na wote kwa pamoja, nyumba iwe ya kila mtu. Ukitaka kuhama unauza nyumba tu, na jumuiya ndiyo ya kwanza kuulizwa. Vikao vilikuwa virefu na ugomvi haukukosekana, lakini mwenye hela hawezi kuja kununua kiwanja kimoja kimoja.

Wa Ganze
Mimi nakumbusha wale wazee ambao nyumba wanazo ila hawawezi kulala humo, kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi shamba ndilo linalotakwa. Kituo cha Kaya Godoma huku kwetu kimewahifadhi wengi. Nimewahi kupeleka unga pale. Mzee mmoja hakuuliza habari za unga, aliuliza kama mikorosho yake imezaa.

Mama wa Maweni, Malindi
Nimewasomea wenzangu majibu yenu yote. Kuna mzee wa Muyeye ana kiwanja kidogo, amesema yuko tayari kukiweka wakfu kwa ajili ya wajane wanne. Alhamisi tunaenda naye kwa kadhi kuuliza unaandikishwaje, na kuanzia wiki hii shilingi ishirini katika kila mia ni ya matengenezo. Bibi amesema na yeye anakuja. Tangu jana kanga yake ameshaifua, imeanikwa uani.