MREJESHO: Matembezi ya Peak District na watoto wawili na bibi yao

Wakuu, niliuliza humu tutembee wapi Peak District, hifadhi ya taifa ya vilima karibu na jiji la Sheffield, Uingereza, mama akiwa amekuja kutoka Tanga na goti lake, wanangu wana miaka 4 na 8. Asanteni, tumerudi salama.

Jumamosi tulianzia Fairholmes, kando ya bwawa la Derwent. Njia ni ya lami, kigari cha mtoto kinapita bila shida. Ukuta wa bwawa una minara miwili kama ngome. Hapo ndipo marubani wa Uingereza walifanyia mazoezi mwaka 1943 kabla ya kwenda kulipua mabwawa ya Ujerumani. Nilipomwambia mama kwamba chini ya bwawa jirani la Ladybower kuna vijiji viwili vilivyozamishwa, Derwent na Ashopton, alinyamaza kidogo, halafu: "Na makaburi yao je?" Nikamweleza kuwa waliyahamisha. Akatulia.

Jumapili ilikuwa Padley Gorge, bonde jembamba lenye msitu, kwa treni hadi kituo cha Grindleford. Aliyesema humu kwamba ni rahisi kwa wazee, ndugu yangu, umetuponza! Mawe na mizizi kila hatua, na kupanda tu. Mama alibaki mgahawani na chai yake. Watoto lakini walipapenda kuliko bwawani: mialoni imejaa kuvu, na magogo yamepigiliwa sarafu tele. Juu, msitu ukiisha, unatokea uwanda wazi wa Longshaw. Upepo wake ni kisu. Chukueni makoti, hata Agosti.