Tupeane uzoefu: Disney Orlando na watoto, tulale wapi? Taimusheya mlizinunua, mlizikodi au mlizikimbia?

MamaWaWanne
Habari za asubuhi ndugu zangu. Jana nilipigiwa simu, naambiwa nimepata siku tatu za kulala Kissimmee, mji jirani na Disney, kwa dola 99, tena nyumba nzima yenye jiko. Sharti ni moja: mimi na mzee tukae kwenye semina ya dakika 90 tusikilize habari za taimusheya, hizi nyumba za mapumziko ambazo watu wengi wanauziwa zamu za kulala, au pointi za kulipia siku za kulala. Watoto wameshasikia, nyumba haikaliki.

Niko Ohio. Watoto ni wanne: miaka 13, 9, 6 na wa mwisho anatimiza 3 mwezi wa nane. Mama mkwe anakuja kutoka Moshi, ndiyo mara yake ya kwanza Marekani, na magoti yanamsumbua. Tunataka kwenda Julai. Jirani yangu anasema tununue kabisa, eti ni uwekezaji. Mliolala huko, mlionunua, naombeni ukweli wenu kabla sijatoa namba ya kadi.

Nesi wa Usiku
Dakika 90? Sisi tuliingia saa tatu asubuhi, tukatoka saa tisa mchana. Siku nzima ya Disney ilipotea na tiketi tulikuwa nazo mfukoni.

Dereva wa Masafa
Dada, mimi napita Florida na lori karibu kila mwezi, barabara ya I-4 naijua kwa mashimo yake. Kabla ya bei, fungua ramani. "Kissimmee" ni neno pana. Kuna hoteli zimegusana na geti la Disney, na kuna nyingine ziko mbali kabisa mashariki kwenye barabara ya 192, zote zinaandika "dakika kumi kutoka Disney". Dakika kumi hizo ni za saa tisa usiku. Jioni watu wakitoka, ile I-4 inasimama.

Jambo la pili ni usafiri. Ukilala hoteli za Disney zenyewe, mabasi yao ni bure na kuegesha gari kwenye bustani zao za michezo ni bure. Ukilala nje unalipia maegesho kila siku. Halafu pale Magic Kingdom, moja ya bustani hizo, ukishaegesha hujafika: unatembea au unapanda kigari, kisha unavuka kwa kivuko au kwa treni yao ya juu. Mfikirie bibi mwenye magoti, na mtoto amelala begani.

Na vile vibanda vya barabarani vya "tiketi nusu bei", msisimame. Vingi ni mlango wa semina hizo hizo.

Kandambili
Mtoto wa mwisho peleka kabla hajatimiza mitatu, Disney mtoto wa chini ya miaka 3 anaingia bila tiketi. Julai umepatia.

Nesi wa Usiku
Ila Julai ni jua la kuunguza na radi kila alasiri. Ningekuwa wewe ningesogeza mpaka Januari, nikalipe hiyo tiketi ya mtoto kwa roho safi.

Kandambili
Na shule je? Huyo wa miaka 13 atakosa wiki nzima ya masomo kwa ajili ya radi?

Nyota ya Lamu
Wacha niseme yangu, maana nikisikia Orlando moyo wangu unaenda mahali pamoja tu.

Mimi ni mtu wa Lamu, naishi Minnesota. Mwaka juzi tulikodi pointi za mtu ambaye ni mwanachama wa Disney Vacation Club, hiyo ndiyo taimusheya yao wenyewe, walianza 1991. Mwenye pointi alituwekea chumba kwa jina letu, tukamlipa yeye. Bei ilikuwa chini sana ya ile ya hoteli, na hakuna aliyetuita kwenye semina yoyote. Ubaya wake ni kwamba ukiahirisha, hela mara nyingi hairudi.

Tulilala Animal Kingdom Villas, moja ya hoteli zao, upande wa Kidani Village. Jamani, tulipofika mapokezi mama yangu alisoma jina akacheka kwa furaha: "Kidani! Kama changu hiki cha shingoni?" Na mkahawa wa chini unaitwa Sanaa, dimbwi la kuogelea Samawati, jengo la ng'ambo, Jambo House, kuna mikahawa ya Jiko na Boma. Asubuhi unafungua pazia, twiga yuko pale anakula. Mama yangu hajui Kiingereza hata neno, lakini kwa siku tano alikuwa yeye ndiye anatufasiria vibao. Watoto wangu ambao nyumbani hunijibu kwa Kiingereza walikuwa wanamfuata: "Bibi, hili maana yake nini?"

Dada, kwa watu saba usichukue studio, yaani chumba kimoja. Studio ina friji ndogo na maikrowevu tu. Vyumba viwili vina jiko kamili na mashine ya kufulia, wanalala watu tisa, na pale Kidani vyoo viko vitatu. Vyoo vitatu kwa familia yenye binti wa miaka 13 ni amani.

Kasoro yake niseme: korido ni ndefu mno, na pako mbali na bustani nyingine, ni basi tu. Omba chumba karibu na lifti ya mapokezi. Na ndani ya bustani yao ya wanyama, Animal Kingdom, mpeleke bibi Harambe, kile kijiji walichokijenga kwa mfano wa Lamu yetu. Nilisimama pale kwenye ukuta wa chokaa nikalia.

Mjukuu wa Chifu
Dada wa Lamu, nakubaliana na yote ila hapo Harambe. Kile kijiji kimeandikwa Uhuru 1961, na safari yake inaitwa Kilimanjaro. Mwaka 1961 ni nani alipata uhuru? Kenya ni 1963.

Nyota ya Lamu
Na majumba je, uliyaona Dodoma? Milango ile, mapambo ya plasta yale, ni Lamu. Na neno lenyewe la harambee ni la nani?

Mjukuu wa Chifu
Neno lenu lina e mbili, lao moja. Nasema tu ukweli uandikwe.

Dereva wa Masafa
Wakuu, mwenzenu ameuliza bibi alale wapi.

Mwanakijiji wa Songea
Nimekaa kimya na jambo hili miaka mingi. Ni hilo neno "semina" lililonitoa.

Machi 2018, likizo ya watoto. Tulipewa siku tatu za bei ya chini kama wewe dada, na kadi ya zawadi ya dola 150. Kampuni siitaji. Watoto walipelekwa chumba cha michezo, sisi tukakalishwa kwenye meza ya duara. Aliyekuja ni mzee mmoja mpole sana. Aliuliza majina ya watoto, akayaandika kwenye karatasi, na kila baada ya dakika chache anawataja. Aliuliza mama yangu yuko wapi. Nikamwambia yuko Songea, ana miaka 74. Akaniambia, "Fikiria siku utakapomleta hapa, akae kibarazani na wajukuu." Ndugu zangu, hapo ndipo aliponishika.

Bei ilianza dola 38,000. Nikakataa. Akaja bosi wake, ikawa 27,000. Nikakataa. Akaja mama mmoja na kalamu nyekundu, akakata tena: 19,500, bei ya leo tu, ukitoka mlangoni imekufa. Kila familia ikisaini meza nyingine, kengele inalia na watu wote wanapiga makofi. Mke wangu alikuwa ananibana mguu chini ya meza. Ilikuwa saa ya tano tumekaa, mdogo wetu analia ng'ambo ya kioo. Nikasaini.

Kianzio kilikuwa 3,900. Nilikilipa kwa ile kadi ambayo kila mmoja wetu hapa anayo, ile ambayo haiguswi, imewekwa kwa ajili ya simu ya usiku kutoka nyumbani.

Simu hiyo ilikuja siku ya 23. Saa nane usiku, kaka yangu: mama ameanguka. Kabla hakujakucha huku akawa ametutoka. Nikatafuta tiketi, nikaweka namba za kadi, ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa. Mke wangu akapiga simu kwa dada zake, kanisani wakachanga, lakini hela ilipotimia ndugu walikuwa wamekwisha zika. Songea ni mbali, na mwili haungoji. Nilimzika mama kwenye simu, mtoto wa shangazi akiwa ameishika. Mtandao ulikatika jeneza likishushwa. Picha iliganda kwenye mikono ya dada yangu imebeba udongo.

Miaka miwili baadaye ndipo niliposoma yale makaratasi vizuri, nikakuta nilikuwa na siku 10 za kuvunja mkataba bila kupoteza hata senti. Hakuna aliyenitajia pale mezani. Ningejua, siku ile ya 23 kadi ingekuwa wazi.

Bado nalipa mpaka 2028. Ada ya matunzo ya kila mwaka, iliyoanza 870, sasa imepita 1,300, na hiyo haina mwisho. Pale mahali tumelala mara mbili tu.

Nesi wa Usiku
Pole sana kaka yangu. Nimesoma nikiwa kwenye mapumziko ya kazi, nimeshindwa kula. Mungu ampumzishe mama.

Nyota ya Lamu
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole ndugu. Nimejuta kubishania ukuta wa chokaa juu ya hadithi hii.

Kalamu ya Mwisho
Poleni. Lakini tuambizane ukweli, hakuna aliyemshika mkono. Mke alikukataza, ukasaini. Mtu mzima anasoma kabla ya kuweka sahihi.

Dereva wa Masafa
Wewe umewahi kukaa saa tano kwenye chumba kile? Mtu anakutajia mama yako, mtoto wako analia, chakula hujala. Wale wanafundishwa kazi hiyo. Usimhukumu aliyefiwa.

Kalamu ya Mwisho
Sikumhukumu. Nimesema ili dada MamaWaWanne asirudie. Nina haki ya kusema.

Mwanakijiji wa Songea
Mwacheni, amesema kweli. Mke wangu hajawahi kuniambia neno hilo hata mara moja, na mimi hujiambia kila mwezi hela ikikatwa.

Mhasibu Mstaafu
Kwa kuwa limetajwa, niliweke sawa. Florida ina sheria ya taimusheya, sura ya 721. Mnunuzi ana siku 10 za kuvunja mkataba, zikihesabiwa tangu siku aliyosaini au siku aliyopokea hati ya mwisho, ile iliyochelewa. Haki hiyo huwezi kuiachia hata ukisaini kwamba umeiachia. Huhitaji kutoa sababu. Andika barua fupi: jina, namba ya mkataba, "navunja mkataba". Itume kwa rejista kwenye anwani iliyo ndani ya mkataba, piga picha kila karatasi, tunza risiti ya posta. Usimpigie muuzaji, atakuita mkae tena.

Na hilo la "uwekezaji" analosema jirani, dada, si kweli. Ukimaliza mkopo, ada inabaki, na wao ndio wanaopanga itapanda kiasi gani. Kimbunga kikibomoa paa, bima isipotosha mnachangishwa wenye zamu. Ukitaka kuuza, nyingi za Kissimmee zinatangazwa kwa dola moja na bado hazina mtu.

Mmiliki Mtulivu
Msimtishe dada kupita kiasi. Mimi nina pointi za Disney pale Old Key West, moja ya hoteli zao, tangu 2013, nilizinunua kwa mtu aliyechoka nazo, si kwao. Mkataba unakwisha 2042, basi, haurithishwi milele. Hoteli ambayo pointi zako ni za huko unaruhusiwa kuweka nafasi miezi 11 kabla, hoteli zao nyingine miezi 7. Mimi siku ya kwanza hiyo miezi 11 ikifika nimeshaamka. Watoto wangu wamekulia pale. Sijutii.

Mhasibu Mstaafu
Wewe unaenda kila mwaka na unaamka alfajiri. Mwenye watoto wanne na kazi ya shifti ataweza?

Mmiliki Mtulivu
Ndiyo maana nasema akodi. Anunue akishaenda mara tatu.

Mama Sombe
Mimi niko Iowa, tuko batu munane ku nyumba. Tulilalaka Kissimmee, vyumba tatu, tukapika fufu na sombe kila mangaribi. Tulilipa nyumba tu, semina hapana. Batoto balifurahi.

Kandambili
Nyumba ya kukodi yenye jiko ndiyo jibu. Chakula cha kununua ndani ya Disney kwa watu saba kitamaliza bajeti.

Nesi wa Usiku
Mpimeni pia urefu huyo wa miaka 6 kabla ya kumwahidi michezo. Treni ya Seven Dwarfs inataka mtoto awe na urefu wa angalau sentimita 97, Space Mountain 112. Wangu alikosa kwa vidole viwili, alilia mpaka kwenye basi.

MamaWaWanne
Ndugu zangu, nimesoma yote mara mbili, la kaka wa Songea nimemsomea mume wangu kwa sauti. Alikuwa ameshaandika tarehe ya semina kwenye kalenda. Ameikata kwa kalamu. Simu yao ikija nitakataa.

Tumekubaliana tukodi pointi, na mama mkwe tumemwambia kuna twiga dirishani. Anauliza kama wanauma. Kadi ya dharura itabaki mahali pake.

Nyota ya Lamu, nisaidie jambo moja: mama yako ulimkodia kiti cha magurudumu ndani ya bustani au ulikikuta hotelini? Mama anasema hatakalia, lakini najua siku ya pili atakubali.

Nyota ya Lamu
Kodi kwa watu wa nje, wanakileta hotelini na unakaa nacho siku zote. Cha bustani unakiacha getini, na hapo ndipo magoti yanapouma, usiku kwenye foleni ya basi. Wangu naye alikataa. Siku ya pili akamweka mjukuu mapajani, hakushuka tena.

Mwanakijiji wa Songea
Dada, mkifika, mpige picha mama akiwa kibarazani na wajukuu. Uiweke hapa tuione.