Naombeni ushauri: nitajuaje kama ni Mungu ananiongoza?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nimepata kazi mpya, mshahara mzuri kuliko huu wa sasa ila ni mbali na mke wangu na watoto, na wanataka jibu Ijumaa. Nimefunga siku 3, usiku naamka saa 9 napiga magoti pembeni ya kitanda naomba lakini kimya tu, nikishika simu niandike nakubali vidole vinagoma, nikiandika sitaki roho inauma nafuta. Mithali 3:5-6 naijua kwa kichwa, nisizitegemee akili zangu mwenyewe, sasa hapo ndo nakwama maana kila nikipima faida na hasara naona kama nazitegemea. Rafiki yangu anasema niombe ishara kama Gideoni wa kwenye Biblia, yule aliyeweka ngozi ya kondoo nje usiku akamwomba Mungu umande uwe kwenye ngozi tu, mi naogopa naona kama kumjaribu Mungu (ingawa Gideoni alijibiwa mara mbili). Mke wangu anasema lolote nitakaloamua yuko na mimi, na hilo ndo linanizidishia mzigo.

Nyie mlioshapitia hali hii, mlijuaje kwamba hapa ni Mungu anaongea na sio tamaa au woga wenu tu?