Kutoka gia zote chini kwenda moja chini nne juu: mguu wa kushoto unagoma kuzoea

Mwana_Ngamiani

Wakuu salaam. Naomba ushauri wa wanaozijua pikipiki vizuri. Nimezoea ya gia nne ambayo fri (gia huru) iko mwanzo kabisa: unakanyaga mbele moja, mbili, tatu, nne, na kisigino kinarudisha. Sasa ninayo ya cc 150 ya gia tano, moja chini nne juu, yaani ya kwanza unakanyaga na nne zilizobaki unainua, ila pedali yake ya gia nayo ni ya pande mbili, mbele vidole na nyuma kisigino, sura ileile.

Shida iko hapa. Nikiwa gia ya tatu nataka kuongeza, mguu unakanyaga mbele wenyewe. Pikipiki inaingia ya pili, inanguruma na tairi la nyuma linaburuza. Nikisimama, kuipata fri ni kazi. Napiga kisigino kama zamani, kumbe ndiyo naongeza gia. Mizunguko ni hapa Tanga mjini, Ngamiani, Chumbageni mpaka Kange, na mara mbili kwa wiki Muheza nikiwa na mzigo.

Maswali: Kuna namna ya kuuzoesha mguu bila kuumia? Fundi anaweza kugeuza gia ziwe kama zile za zamani? Na hiki kipande cha kisigino nikikate?

Spana_Kumi

Mkuu, hapo kinachokuangusha ni kufanana kwa pedali. Ingekuwa na sura nyingine kabisa, kichwa kingekumbuka kwamba hiki ni chombo kingine. Lakini hapa pedali ni ileile na maana imepinduka: kule mbele ni kuongeza na kisigino ni kurudisha, huku mbele ni kurudisha na kisigino ni kuongeza. Mguu hauna kosa, unafanya ulichoufundisha.

Hatari yenyewe ni hii. Pikipiki nyingi za aina hiyo, kama injini inazunguka mara 6,000 kwa dakika kwenye gia ya tatu, ukiingia ya pili kwa mwendo uleule inatakiwa izunguke kama 8,000. Injini haiwezi kuruka hapo papo hapo, kwa hiyo ndiyo inayolivuta tairi la nyuma lipunguze mwendo ghafla. Kwenye lami kavu utasikia mlio na mtikiso. Kwenye mchanga uliomwagika barabarani au lami iliyoloa, mkia unakwenda upande.

Dawa ya kwanza haiko mguuni, iko mkono wa kushoto. Kwa wiki mbili za mwanzo, kila ukibadili gia usiachie klachi kwa kuirusha. Iachie taratibu, na ile sehemu inapoanza kushika sikiliza. Umeongeza gia sawasawa, mlio unashuka. Umekosea, mlio unaanza kupanda. Bana klachi tena hapohapo, weka gia sahihi, endelea. Ukifanya hivyo gia uliyokosea inakuwa kelele tu.

Na ikishatokea tairi limeburuza: bana klachi yote, pikipiki iwe wima, macho mbele, usikimbilie breki ya mbele. Tairi likiwa huru kutoka kwenye injini linazunguka tena lenyewe.

Kange_Stendi

Kwenye kugeuza gia nakujibu mimi. Kwa pikipiki yako, hapana. Mpangilio haukai kwenye pedali, umechongwa kwenye ngoma ya gia ndani ya injini, ile yenye mifereji inayosukuma uma za gia huku na huku. Pedali yako imefungwa moja kwa moja kwenye shafti, kile chuma kinachotoka ndani ya injini. Ukiipindua inaelekea nyuma ya futresti (pa kuwekea mguu), mguu hauifikii.

Zipo pikipiki ambazo pedali inaunganishwa na shafti kwa fimbo na viungo vidogo viwili. Zile unaweza kuupindua mkono mdogo wa kwenye shafti ukaangalia upande wa pili, na gia zikageuka. Lakini hata hapo hupati kile unachokitaka. Moja chini nne juu inakuwa moja juu nne chini, na fri inabaki palepale kati ya moja na mbili. Halafu siku fundi anaijaribu barabarani bila kuambiwa, unamtafutia balaa.

Usijione mshamba lakini. Pikipiki za zamani za Uingereza zilikuwa na gia mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto. Marekani ndiyo iliyolazimisha kwa sheria kuanzia Septemba 1974 gia zikae kushoto, na watengenezaji wakafuata ili wauze kule. Aliyetoka kwenye zile alikuwa anabadilisha miguu yote miwili, wewe mmoja tu.

MzeeWaCheni

Fri sasa. Kwenye ile ya zamani fri ilikuwa mwisho wa njia: unapiga kisigino mpaka pedali haiendi tena, umefika, hata ukiwa umefumba macho. Kwenye hii fri haiko mwisho, ni kijishimo kidogo katikati ya moja na mbili, na safari yake ni nusu ya safari ya gia ya kawaida. Ukikanyaga kwa nguvu ileile ya kubadilisha gia, unakiruka.

Namna ya kuipata: usisubiri usimame kabisa. Ukiwa bado unabiringika polepole kwenye gia ya pili, klachi imebanwa, gusa pedali ya mbele chini kidogo kama unayejaribu joto la maji kwa kidole. Taa ya kijani ikiwaka, umepata. Ukiipita ukaingia moja, inua kidogo kwa ncha ya kiatu, nusu tu. Pikipiki ikisimama kabisa meno ya gia ndani yanaweza kuwa yameegemeana hayataki kuachiana. Isukume mbele na nyuma kwa mguu kiasi cha kiganja, zitaachia.

Kama hata hivyo fri haiingii injini ikiwa inaunguruma, lakini ukizima inaingia vizuri, basi kosa si lako, klachi haiachii yote. Pima mchezo kwenye ncha ya mkono wa klachi: uwe milimita 10 hadi 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Ukizidi hapo, hata ukibana mpaka mwisho sahani za ndani bado zinagusana na injini inaendelea kusukuma gia. Rekebisha kwa nati ya kwenye waya. Usikimbilie kuondoa mchezo wote, maana hapo klachi itakuwa inateleza na kuungua ukipanda na mzigo.

Angalia na oili. Iwe ya pikipiki, kopo limeandikwa JASO MA. Oili nyingi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki imezama kwenye oili hiyohiyo. Sahani zinaanza kuteleza. Cheni iliyolegea nayo inafanya kila gia iingie kwa kishindo, ukadhani umekosea kumbe hujakosea.

Bint_Raskazone

Mazoezi yenyewe, kwa mpangilio.

Anza bila injini. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, tairi la nyuma liwe hewani, injini imezimwa na ufunguo umetolewa. Kaa juu yake kama unaendesha. Mtu wa pili azungushe tairi la nyuma kwa mkono, akishika tairi, si cheni wala spoku. Tairi lisipozunguka gia nyingine hazitaingia na utadhani pedali ni mbovu. Wewe bana klachi, taja kwa sauti unachokwenda kufanya kabla mguu haujasogea: "naongeza", ndipo uinue, "narudisha", ndipo ukanyage. Kutaja kwa sauti watu wanakuona kama umechanganyikiwa, lakini ndiko kunakoukata mguu usitangulie. Panda moja mpaka tano, shuka tano mpaka moja, mara 20. Pumzika. Rudia jioni.

Siku ya pili na ya tatu, barabara tupu. Asubuhi na mapema Raskazone pananyooka na magari ni machache. Moja, mbili, moja, fri, simama. Usivuke gia ya tatu siku hiyo. Mchanga wa pwani achana nao kabisa, kosa dogo linakulaza.

Baada ya hapo mjini, lakini bila abiria na bila mzigo kwa wiki nzima. Na hapa kwetu baiskeli ni nyingi, zinakatiza bila kuangalia. Kosa la gia linatokea hasa pale unaposhtuka, kwa sababu mtu akishtuka anarudia tabia ya zamani. Kwa hiyo jizoeze jambo moja la dharura: ukishtuka, klachi na breki tu, gia usiziguse mpaka umeshajua unakwenda wapi.

Muheza na mzigo iwe mwisho. Barabara za mlima kama Mombo kwenda Lushoto subiri zaidi, kule kwenye kona za kushuka unaitegemea injini ikushike, na kukosea gia pale hakuna nafasi ya kurekebisha.

Spana_Kumi

Kwenye kisigino. Mimi ningekitoa, angalau kwa mwezi. Kipande kile kikiwepo mguu una njia mbili za kufanya kazi moja, na mojawapo ndiyo hiyo ya zamani iliyopinduka. Kikitoka kinabaki kitu kimoja: chini ni kurudisha, juu ni kuongeza.

Usikikate lakini. Tafuta pedali ya upande mmoja ya pikipiki hiyohiyo, ile ya kwako iweke ndani. Kuna bolti moja, nyingi ni spana namba 10. Bolti hiyo itoe yote, usiilegeze tu, kwa sababu inapita kwenye mfereji wa shafti. Watu huanza kupiga pedali kwa nyundo wakati bolti bado inaishikilia. Kabla ya kuvuta, chora alama ya rangi kwenye shafti na kwenye pedali.

Kange_Stendi

Hapo kwenye kutoa kisigino sikubaliani na wewe mkuu. Mtu wa mjini anavaa yebo au kandambili. Kuinua pedali ya chuma kwa vidole vitupu mara mia kwa siku, ngozi ya juu ya mguu inachubuka, na akianza kuogopa maumivu anainua nusunusu, gia inaingia nusu halafu inajichomoa. Gia kujichomoa ni mbaya kuliko kukosea. Abaki na kisigino, lakini auzoeshe mguu kwamba kisigino ni kuongeza. Pedali ina pande mbili: ukikanyaga nyuma unaongeza, ukikanyaga mbele unarudisha.

Spana_Kumi

Kwa mwenye yebo uko sahihi, ila jibu la yebo ni kiatu. Raba yoyote inayofunika vidole inatosha, na mguu wenyewe unapona siku ukianguka. Akishazoea mwezi mmoja, akitaka arudishe kisigino, mimi sina ugomvi.

Mwana_Ngamiani

Shukrani sana. Nimejaribu yale ya kwenye stendi, gia zinaingia. Nimegundua mambo mawili: kiatu changu hakipiti chini ya pedali ya mbele mpaka nikunje mguu, na pedali ina mchezo, inacheza juu chini kabla ya kushika. Fundi wa jirani anasema aichomelee kwenye shafti iishe.

Spana_Kumi

Usikubali ichomelewe! Moto ule unaua sili ya oili iliyoko nyuma ya pedali, na siku ya kufungua kava la injini pedali haitoki, itabidi ikatwe.

Toa pedali uangalie meno. Ya shafti yakiwa mazima na ya pedali yameliwa, nunua pedali, ni chuma laini kwa makusudi ili ife yenyewe shafti ipone. Kama umekwama njiani, kata kipande cha kopo la soda, kizungushe shafti mara moja, rudisha pedali, kaza. Kitakufikisha nyumbani, lakini usikigeuze kuwa matengenezo. Meno ya shafti yenyewe yakiwa yameliwa, hiyo ni kazi ya kufungua injini.

Kabla ya kurudisha, sugua meno kwa brashi ya waya na paka grisi kidogo. Hewa yetu ya chumvi inakula sehemu hiyo kimyakimya, ndiyo maana pedali nyingi za Tanga ukizitoa zinatoka na unga wa kutu.

Kimo: kaa juu ya pikipiki, mguu kwenye futresti, kifundo kimelegea. Kidude cha mbele kiwe usawa wa juu wa futresti au juu yake kidogo, kiatu kipite chini bila kuinua mguu mzima. Sogeza jino moja la shafti kwa wakati mmoja, jaribu, sogeza tena. Jino moja linabadilisha kimo kuliko unavyodhani. Pedali ikiwa juu sana utakuwa unakanyaga bila kujua, ikiwa chini sana huwezi kuinua, na mimi nina wasiwasi nusu ya makosa yako ya kukanyaga badala ya kuinua yalianzia hapo. Bolti yake ni ndogo, kaza kwa spana fupi mpaka ishike, usiongeze bomba.

MzeeWaCheni

Ukishafunga, rudia ya kwenye stendi kabla hujatoka. Kimo kimebadilika, mguu unaanza upya.