Tupeane uzoefu: Ni lini sifuri ilikuchanganya?

Mleta mada:
Wakuu, habari za wakati huu. Juzi binti yangu wa darasa la nne aliniuliza, "Baba, sita gawanya kwa sifuri ni ngapi?" Nikamjibu papo hapo kwamba ni sifuri. Akaandika. Kesho yake daftari likarudi na alama ya kosa, na mimi ndiye niliyemkosesha.

Nimekaa nalo siku tatu. Sita gawanya kwa mbili ni tatu kwa sababu tatu mara mbili ni sita. Basi jibu langu lilitaka sifuri mara sifuri iwe sita. Haiwezekani. Wala hakuna namba nyingine itakayofaa, maana chochote ukikizidisha kwa sifuri kinaishia sifuri. Swali lenyewe halina jibu, nami nilimpa mtoto jibu. Nani mwingine amewahi kukwama hapa?

Mwalimu wa wadogo:
Pole mzazi, wengi tumepita hapo. Kwangu tatizo huanza mapema zaidi. Nikiwasomea "mia mbili na tano", wapo wanaoandika 25, na wapo wanaoandika 2005, yaani 200 halafu 5 pembeni yake. Wote wameandika walichosikia. Sifuri ya katikati haitamkwi, kwa hiyo sikio haliwezi kuipata.

Nilipata nafuu nilipoleta abakasi darasani. Vijiti vitatu: mamia, makumi, mamoja. Cha makumi hakina shanga hata moja, lakini ukikichomoa, namba nzima inabadilika. Wababeli nao kwa karne nyingi waliacha tu nafasi wazi mahali kama hapo, kabla ya kubuni alama ya kuijaza. Nikikumbuka hilo simkaripii mtoto.

Mtu wa takwimu:
Mimi sifuri ilinigharimu kazi ya miezi minane. Nilikuwa naingiza vipimo vya mvua kwenye kompyuta, na kila penye pengo nikajaza 0 ili jedwali lipendeze. Chukulia siku nne: milimita 10, 8, 0, na siku ya nne hakuna aliyepima. Wastani wa siku zilizopimwa ni 6. Ukijaza 0 kwenye pengo, unashuka hadi 4.5.

Sifuri ya siku ya tatu ni taarifa kamili: mtu alikwenda, akatazama chombo, akakuta hakuna maji. Pengo la siku ya nne maana yake hatujui. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, na mimi nilivifanya kimoja. Nilirudia majedwali yote, na tangu hapo nikiona mwenzangu anajaza visanduku vitupu namsimamisha hapo hapo.

Mwandika programu:
Umegusa kidonda, mkuu. Programu yangu ya kwanza kazini iligawanya jumla ya mauzo kwa idadi ya wateja. Siku moja idadi ikawa 0, ikazima. Nilifadhaika mpaka niliposoma habari za USS Yorktown, meli ya kivita ya Marekani: mwaka 1997 ilikaa baharini bila nguvu za kuisukuma kwa karibu saa tatu, baada ya sifuri kuingizwa kwenye hifadhidata na kompyuta kujaribu kugawanya kwayo. Siku hizi sigawanyi chochote kabla ya kukagua kigawanyo.

Msomaji wa kimya:
Kwangu ni kalenda. Mwaka 1999 nilibishana na kaka yangu, yeye akisema milenia mpya inaanza 2000. Nikamchorea mstari: kutoka mwaka 1 kabla ya Kristo tunaingia moja kwa moja mwaka 1 baada ya Kristo, hakuna mwaka 0 katikati. Kwa hiyo miaka 2000 ilikuwa itimie mwisho wa Desemba 2000. Alihesabu kwa vidole mara mbili ndipo akakubali.

Mleta mada:
Asanteni sana. Nami nimesoma kuhusu Brahmagupta wa India, aliyeandika kanuni za sifuri mwaka 628. Namba ukiitoa kwenye yenyewe unapata sifuri, ukiijumlisha na sifuri haibadiliki: hayo yanasimama hadi leo. Ila sifuri gawanya kwa sifuri aliiandika kuwa ni sifuri, na leo hatukubali, kwa kuwa 5 ingefaa vilevile, na 9, na yoyote nyingine. Imenipa moyo kujua kwamba mtu wa kiwango kile alijikwaa palepale.

Binti nimemweleza yote. Amerudi na swali jipya: sifuri ni shufwa au witiri?

Mwalimu wa wadogo:
Mwambie hivi: namba ni shufwa kama ukiwapanga watu wawiliwawili hakuna anayebaki bila mwenzake. Wakiwa sifuri, anabaki nani?

Mleta mada:
Nimemuuliza. Amefikiri kidogo, akasema, "Hakuna." Ameandika shufwa.